Muulize Shangazi: Siku tatu kwa wenye ng'ombe

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kisauni. Shemeji yangu anafanya kazi ya hesabu kwenye ranchi moja ya Laikipia, naye ametualika mimi na mwanangu wa miaka 9 tukakae siku tatu likizo ya Agosti. Ng'ombe ninaowajua mimi ni wale wa mitaani wanaotafuna maboksi nje ya soko. Je, tutawasumbua watu walio kazini? Tubebe nini? Na maziwa yatakuwapo ya kutosha? Mwanangu haoti kingine.
Mwalimu, Kisauni

Marahaba, Mwalimu. Nianze na maziwa, maana mtoto akiahidiwa kisha akakosa, atakayekoma ni wewe. Ranchi nyingi za Laikipia hufuga Boran, ng'ombe wa nundu ambaye asili yake ni kwa Waborana, kusini mwa Ethiopia. Huko anafugwa kwa ajili ya nyama, na maziwa ya mama ni ya ndama wake. Wachungaji wanaweza kuwa na kikombe cha chai yao, nao si wachoyo. Yachemsheni tu, kwa sababu maziwa mabichi huweza kuleta bruselosisi, homa inayokwenda na kurudi kwa wiki nyingi. Mimi nilipokaa kule siku nne, chai ya nyumba ya wageni ilitiwa maziwa ya pakiti kutoka duka la Nanyuki. Ng'ombe mamia nje, pakiti mezani! Na kwa kuwa ni ng'ombe wa nyama, mweleze mtoto mapema wanakwenda wapi mwishowe, asije akaulizia mezani.

Sasa hilo la kusumbua. Nitakwambia nilivyosumbua mimi.

Asubuhi ya kwanza niliamka saa kumi na moja na nusu. Baridi ya huko si ya Kisauni. Nanyuki iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, nami nilikuwa na sweta jepesi la kuazima. Nikajitanda leso nyekundu juu yake, nikaenda bomani, nikasimama pale pale mlangoni ili nione vizuri. Nilitarajia boma la miiba. Nikakuta fremu za chuma zilizounganishwa kwa pini, ndefu kunizidi, ili simba asiruke na ng'ombe wakishtuka usiku wasivunje na kutoka. Mzee wa boma alikuwa anawahesabu wakitoka wawiliwawili. Kila wakitimia ishirini, anatoa kijiwe mfuko wa kushoto anakitia wa kulia, macho hayabanduki kwa ng'ombe.

Upepo ukaipata leso yangu. Ng'ombe wa mbele akafunga breki, wa nyuma wakampanda mgongoni, na waliokwisha kutoka nusu wakarudi ndani kwa kishindo. Mzee hakunifokea. Alivirudisha vijiwe vyote mfuko wa kushoto, kimoja kimoja, kisha akasema, "Mama, njoo usimame nyuma yangu. Tunaanza tena." Kosa halikuwa wekundu, ng'ombe hata haioni vizuri rangi hiyo. Kosa lilikuwa kupepea, na kuziba njia.

Jioni ya pili nikajua kwa nini mzee yule hakubali hesabu ya kukisia. Kundi limerudi, vijiwe vimehamishwa, amepungua mmoja. Hakuna aliyekaa. Wachungaji wawili, Msamburu na Mturkana, walichukua tochi wakarudi walikotoka, sisi tukabaki tunasikiliza giza. Walirejea baada ya saa nzima hivi, mmoja amebeba ndama mabegani, bado mbichi, miguu inaning'inia kifuani pake, na mtamba anafuata nyuma huku akiguna na kunusa kisigino cha yule mtu. Alikuwa amejificha kuzaa nyuma ya kichaka. Mzee akatia kijiwe chake, akaniangalia, akacheka.

Kwa hiyo waulizeni mnapofika: tusimame wapi? Swali hilo moja litawafungulia mengi.

Ulizeni pia siku ya josho, wao huliita dipu. Ng'ombe anaingia mtaro wa maji ya dawa kwa kuruka, kichwa kinazama, kinaibuka na macho yamemtoka, anaogelea hadi ngazi ya upande wa pili, kisha anasimama sakafuni akichuruzika mpaka maji yarudi birikani. Ni kwa ajili ya kupe, hasa yule wa masikioni anayeleta ndigana kali. Nyati hubeba vimelea vya ugonjwa huo bila kuugua, na huko nyati wanalisha majani yale yale, basi josho haliruki wiki. Mtoto akae mbali na matone, dawa ile ni sumu. Harufu yake ilinifuata mpaka Nairobi.

Mkitembea na mwenyeji, mwombeni awaonyeshe boma la zamani. Huhamishwa kila baada ya muda mfupi, na samadi inayobaki huotesha nyasi tamu zinazodumu miongo mingi. Mtaona uwanda wa kijani katikati ya miiba, umejaa pundamilia na swala. Bila mwenyeji msitoke kwa miguu, hata kwenda kupiga picha. Tembo hajui kwamba mko likizo.

Vya kubeba: sweta zito, si kama langu, koti la mvua, tochi na viatu vya kufunika mguu. Udongo mweusi wa huko ukilowa hunata hadi kiatu kinakuwa kizito kama jiwe. Ndala zitabaki matopeni nawe utaendelea bila zenyewe. Wabebeeni wachungaji majani ya chai na sukari. Wanalala kwenye kibanda cha bati kando ya boma, na duka haliko karibu.

Leso beba, Mwalimu, ila ifunge kiunoni. Na huyo mtoto, kabla ya Agosti, mzoeze kuhesabu kwa mbilimbili bila kukohoa.