Oda Zimenizidi, na Bado Naambiwa Nitangaze Zaidi

SWALI

Mpendwa mshauri,

Mimi ni fundi wa kushona nguo mtaani Kondele, Kisumu, na kibandani mwangu nina cherehani mbili, moja ya kukanyaga na moja ya stima. Mwaka jana binamu yangu alinifundisha kuweka picha za magauni ya kitenge kwenye WhatsApp, na tangu hapo wateja hawakatiki. Huchukua oda kumi na nne kwa wiki, kila gauni shilingi 900 za ushonaji, mteja akija na kitambaa chake. Nikihesabu kwa haki, ninayoyamaliza ni kumi na moja, na yaliyobaki hunifuata wiki inayofuata. Nashona hadi saa sita usiku. Binti yangu wa miaka minane hufanyia kazi zake za shule chini ya meza ya kukatia, na mara mbili amepitiwa na usingizi pale pale. Mume wangu anasema nikodi nafasi katika soko la Kibuye siku za Jumapili ili nijulikane zaidi, ilhali rafiki yangu anataka nikope ninunue cherehani ya tatu. Hivi sasa nina nguo sita za wasimamizi wa harusi ya Jumamosi na sijakata hata moja. Nimsikilize nani?

Fundi wa Kondele

JIBU

Dada yangu, kwa sasa usimsikilize yeyote kati yao. Wote wawili wanakushauri kana kwamba umekosa wateja au mashine, na barua yako inaonyesha kwamba ulichokosa ni saa. Mteja anayekuletea kitambaa hanunui gauni pekee. Ananunua pia ile siku uliyomwambia kwamba litakuwa tayari. Siku hiyo umekuwa ukiiuza mara nyingi kuliko unavyoimiliki.

Tufanye hesabu. Ukifungua saa mbili asubuhi na kufunga saa kumi na mbili jioni kwa siku sita, kisha ukaondoa muda wa kupima wateja, kufuata uzi na vifungo, chakula cha mchana, na zile nyakati ambazo stima hupotea, sidhani kama hubakiwa na zaidi ya saa 36 za kushona kwa wiki. Gauni la kitenge lenye bitana, ukilifanya peke yako tangu kukata hadi kupiga pasi, tuseme huchukua saa nne na nusu. Hayo ni magauni manane. Yale matatu yanayofikisha kumi na moja unayatoa usiku, kutoka mgongoni mwako na katika muda wa binti yako, na yale matatu mengine ya kufikisha kumi na manne hayapo popote ila katika daftari la oda.

Sasa mtafute msichana au kijana aliyemaliza mafunzo ya ushonaji na ambaye hajapata kibanda chake, akufanyie upindo, vifungo, kazi ya ovaloki (kuzungushia uzi kingo za kitambaa zisifumuke) na pasi, kwa malipo ya shilingi 150 kwa kila gauni. Cherehani mbili tayari unazo, moja ikiwa imekaa bure kila ukikalia nyingine. Iwapo hilo litapunguza muda wako hadi saa tatu kwa gauni, utamaliza kumi na mawili kabla ya jua kuzama. Kisha pandisha bei hadi shilingi 1,100. Utaingiza shilingi 13,200, umlipe msaidizi 1,800, ubaki na 11,400, ilhali leo kwa magauni kumi na moja na kukesha kote unapata 9,900. Weka saa zako halisi mahali pa zangu. Ukiona hesabu haikubali, punguza oda badala ya kurudi kwenye kukesha. Wateja wachache watakukimbia kwa ajili ya hizo shilingi 200. Waache waende, mimi ningeogopa zaidi kama hakuna hata mmoja angelalamika, kwa sababu hapo ningejua bei bado ni ndogo.

Mkopo ningeuacha kabisa kwa sasa. Mkopo wa kawaida wa mtu binafsi wa Hustler Fund, ule mfuko wa mikopo wa serikali, kwa mfano, hulipwa ndani ya siku 14, nao muda huo humfaa anayenunua samaki ufuoni Dunga asubuhi na kuwauza jioni. Cherehani haijirudishii fedha zake kwa wiki mbili.

Kuhusu Kibuye, mumeo ana nia njema, na ni kweli kwamba Jumapili soko lile hufurika watu. Hata hivyo, wengi wao wanafuata mitumba na nguo zilizo tayari, wanapiga bei wakiwa wamesimama, na hawakuja kupimwa wala kungoja. Ungerudi nyumbani na oda za bei ya chini pamoja na siku ya mapumziko iliyokwisha. Jumapili iwe ya mtoto.

Matangazo usiyaache, bali yabadilishe kazi. Tumia WhatsApp Business, ambayo hailipishwi, uandike saa zako za kazi na ujumbe wa kujiendesha unaomjibu mteja wa saa nne usiku kwamba utamjibu asubuhi. Katika picha unazoweka, andika pia nafasi zilizobaki: “Wiki hii imejaa, wiki ijayo zimesalia nafasi nne.” Mtu akisoma hivyo huharakisha kulipa arbuni, nayo arbuni iwe nusu ya bei, bila hiyo kitambaa kisipokelewe. Najua kwamba kumdai jirani arbuni kunatia haya. Ibandike bei na sharti hilo ukutani, ili ukuta ndio useme.

Jambo jingine ambalo hukulitaja ni sare za shule. Muhula wa kwanza huanza Januari, nao wazazi huja wote kwa wiki moja. Vipimo vya sare havihitaji mteja kusimama mbele yako, kwa hiyo Oktoba na Novemba, kabla ya nguo za Krismasi kuanza, mpe msaidizi wako ashone saizi zinazotoka zaidi za shule moja au mbili za karibu. Usizidi mbili, kwa kuwa sare ya shule isiyonunuliwa haiuziki kwingine.

Kodi ya mauzo ya asilimia 3 inamhusu mwenye mauzo yanayozidi shilingi milioni 1 kwa mwaka, na kwa kiwango hiki bado hujafika. Lakini kama kuna fedha za chama, yaani kikundi cha kuweka akiba, zinazopitia simu yako, zitenge na za kazi, usije ukashindwa kueleza siku moja kipi kilikuwa mauzo. Ripoti ya kodi ya mwaka kwa KRA, mamlaka ya mapato, bado utaiwasilisha kabla ya Juni 30 kwisha, kama una PIN, yaani namba ya mlipa kodi.

Zimebaki zile nguo sita. Usijidanganye kwamba utazishona zote. Mchague fundi mwenzako ambaye mishono yake unaiamini, umpe tatu kwa malipo kamili hata kama hutabaki na faida, kisha mpigie simu mwenye harusi leo, umweleze zitakaposhonewa na saa ya kuja kujaribu, kabla hajakupigia yeye.