Maswali yenu: Nauli mbili kabla ya saa mbili asubuhi

Nafanya usafi ofisini Posta, hapa Dar es Salaam, naishi Chanika. Daladala imeandikwa Kariakoo, tukifika Buguruni konda anatushusha, inageuza. Kila siku nauli mbili. Serikali haioni?

Inaona, mama. Kukatisha ruti ni kosa, na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ndiyo inayotoa leseni ya ruti, kwa hiyo andika namba ya gari uwapelekee. Ila mtazame na dereva. Wengi hawana mshahara: alfajiri anakabidhiwa gari, jioni tajiri, yaani mwenye gari, anataka hesabu yake ya siku, kinachobaki ndicho chake na konda. Asubuhi abiria wamejaa Gongo la Mboto, mjini hakuna anayerudi. Akifika Kariakoo atarudi mtupu kwenye foleni. Akigeuzia Buguruni amepata tripu ya ziada. Trafiki akimkamata leo, kesho atageuzia kichochoroni. Mimi ningemlipa mwenye gari kwa kilomita alizokwenda kwenye ruti yake, kwa mkataba, hesabu ife. Hapo lazima fedha ya umma iingie, na hapo ndipo vikao huwa virefu.

Mabasi ya mwendokasi yamejengewa barabara yake, mbona bado napanda kwa viwiko? Niko Kimara.

Kwa sababu lami haibebi mtu, kijana. Njia ya Kimara–Kivukoni ilianza kazi 2016 na foleni tuliiona ikibaki pembeni. Lakini wa Mbezi na Kibamba nao wanakuja kupandia hapohapo kwako. Kabla ya kumwaga zege jipya, ningesimama getini gereji saa kumi na moja alfajiri nihesabu mabasi yanayotoka.

Treni je?

Reli ya Kati ipo tangu enzi za Mjerumani, na haijui foleni. Treni ya mjini ilipoanza Oktoba 2012 watu waliiita ya Mwakyembe, waziri wa uchukuzi wa wakati ule. Tuongezewe safari.

Nina zamu hotelini, natoka saa sita usiku. Bodaboda hadi Mbagala inamaliza posho yote.

Pole dada. Usafiri wetu umepangwa kana kwamba kila mtu anatoka kazini saa kumi. Manesi, walinzi na wapishi hawamo. Ningetaka leseni za ruti kubwa ziwe na sharti la gari chache za usiku, hata moja kila saa. Kwa sasa, hesabuni mko wangapi mnaoelekea Mbagala, kisha mmwendee meneja pamoja kuomba gari la staff. Ukienda peke yako ataona ni shida yako na bodaboda wako.