Kutoka Redio ya Prince Rupert hadi Kiti cha Luteni Gavana: Majibu kwa Barua Zenu

Juma lililopita niliandika kwa ufupi juu ya Iona Campagnolo, mtangazaji wa redio wa Kanada aliyekuwa mwanamke wa kwanza kushika kiti cha luteni gavana wa jimbo la British Columbia, 2001 hadi 2007. Barua zimekuja nyingi kuliko nilivyotarajia. Nachukua nne.

Huyo luteni gavana ni kama mkuu wa mkoa wetu? (Msomaji, Tanga)

Hapana. Mkuu wa mkoa ana amri. Anaagiza na watendaji wanatekeleza. Luteni gavana anamwakilisha mfalme au malkia wa Kanada katika jimbo. Anateuliwa na Gavana Mkuu kwa ushauri wa waziri mkuu wa nchi, hapigiwi kura. Serikali ya jimbo inaendeshwa na waziri kiongozi. Luteni gavana huwaapisha mawaziri, huidhinisha miswada iwe sheria, na hufungua kikao cha Bunge la jimbo kwa kusoma hotuba iliyoandikwa na serikali.

Basi si pambo tu? (Mwanafunzi, Nairobi)

Mwaka hadi mwaka inaonekana hivyo. Lakini tazama kilichotokea British Columbia mwaka 2017. Serikali ya waziri kiongozi Christy Clark ilishindwa bungeni kwa kura 44 kwa 42. Clark akaenda kwa luteni gavana wa wakati huo, Judith Guichon, kuomba Bunge livunjwe ili wananchi warudi kwenye uchaguzi, wiki chache tu baada ya kupiga kura. Guichon alikataa, akamwita kiongozi wa upinzani, John Horgan, aunde serikali. Siku kama hiyo inaweza isifike katika muhula mzima wa mtu, ila ikifika hana wa kumsukumia uamuzi.

Redio ilimfaa nini? Kusoma hotuba ya watu wengine si kazi ya kila msomi? (Mama msomaji, Mombasa)

Swali hili ndilo lililonifanya nikae kuandika, mama. Campagnolo alizaliwa 1932 katika kisiwa cha Galiano, akakulia kaskazini kwenye kiwanda cha kusindika samaki, mlangoni mwa mto Skeena, alikofanya kazi baba yake. Mji wake wa utangazaji, Prince Rupert, ni wa wavuvi na wa mvua isiyokatika. Mtangazaji wa mahali kama hapo hazungumzi na watu asiowajua. Kesho atakutana nao dukani, na akikosea jina la mtu ataambiwa. Alikuwa pia diwani na mwenyekiti wa bodi ya shule, na 1973 akapewa nishani ya Order of Canada, kabla hajawa mbunge. Ubunge aliupata 1974, akaupoteza 1979.

Kisha kuna siku moja ya 1984, alipokuwa rais wa chama cha Liberal. John Turner alikuwa amemshinda Jean Chrétien katika uchaguzi wa kiongozi. Campagnolo, akimkaribisha Chrétien jukwaani, alisema kwamba Chrétien ni wa pili kwa kura lakini wa kwanza mioyoni mwao. Ukumbi ulilipuka. Wako waliosema hakumtendea haki Turner, na naona wana hoja. Lakini kupata maneno machache yanayobeba hisia za ukumbi mzima, huo ni ujuzi wa kipaza sauti. Msomi anaweza kuisoma hotuba bila kosa hata moja na watu wasisikie kitu.

Ana uhusiano wowote na sisi wa Afrika Mashariki? (Msomaji, Singida)

Upo, na unafurahisha. Alikuwa waziri wa michezo wa Kanada wakati Edmonton ilipoandaa Michezo ya Jumuiya ya Madola, Agosti 1978. Huko Gidamis Shahanga wetu alichukua dhahabu ya marathoni, Filbert Bayi akapata fedha ya mita 1,500, na Henry Rono wa Kenya akaondoka na dhahabu mbili.

Na kwa kuwa umeuliza: Edmonton hiyo ndiyo makao makuu ya jimbo la Alberta, ambako mwaka 2020 Salma Lakhani aliapishwa kuwa luteni gavana. Alizaliwa Kampala, na ni Mwislamu wa kwanza kushika wadhifa huo katika Kanada yote. Habari zake nitaziandika juma lijalo.