Mnashuhudia mtaani na matunda hayaonekani? Kabla ya kusema "wakati wa Bwana bado"

Bwana asifiwe, mtumishi. Unasema kikundi chenu kinatoka kila Jumamosi, vipeperushi vinaisha, watu wanaongozwa sala ya toba, ila kanisani haonekani mtu, na mzee mmoja amewaambia wakati wa Bwana bado. Huenda yuko sahihi. Lakini kauli hiyo huficha uzembe mwingi, kwa hiyo naanza na yaliyo mikononi mwenu.

Pengo kubwa karibu kila mara liko kwenye ufuatiliaji. Mtu aliyeguswa Jumamosi apigiwe simu ndani ya siku mbili, na apige yule yule aliyezungumza naye, si katibu asiyemjua. Kila jozi ya wanaoshuhudia pamoja iwe na daftari dogo: jina analopenda kuitwa, namba aliyoitoa kwa hiari, swali lake kwa maneno yake mwenyewe, mlichomwahidi, na nani atamfuata. Hilo la swali ndilo huachwa wazi, na ndilo lenye thamani. Ukimwambia "uliuliza kwa nini Mungu alimwacha mama yako ateseke", anajua alisikilizwa. Ukimwambia "tunakukaribisha ibadani", anajua yuko kwenye orodha tu. Mwanamume amfuate mwanamume, mwanamke amfuate mwanamke. Simu mbili zisipojibiwa, tuma ujumbe mmoja mfupi, kisha mwache.

Pili, hiyo sala ya toba. Aliyesimamishwa njiani na watu wanne waliomzunguka atarudia maneno yoyote ili apite, halafu ninyi mnaandika "ameokoka". Nendeni wawili wawili kama Yesu alivyowatuma katika Luka 10: mmoja anazungumza, mwingine ananyamaza, anaomba moyoni na kuangalia mazingira. Simameni ubavuni mwa mtu, msimzibe njia. Muulize kama ana dakika tatu, na zikiisha mwambie zimeisha. Akitaka kuendelea atasema mwenyewe. Kabla ya kumwongoza sala, mwombe akueleze kwa maneno yake anatubu nini na kwa nini anamhitaji Kristo. Akishindwa, hajafika huko. Mpe sehemu ya kusoma, kwa mfano Marko sura ya 1 hadi ya 4, na mpange siku ya kuongea.

Mahali nako kuna maana. Penye watu wanaopita mbio mtagawa karatasi tu. Penye watu wanaosubiri kitu mtapata mazungumzo. Spika kubwa hukusanya macho, lakini mwenye swali la aibu hawezi kuliuliza mbele ya umati. Mkiitumia, pateni kibali kwanza, kisha iwe fupi, na watu wenu wawe wametawanyika pembeni. Kipeperushi kiwe na mahali pa kukutania, siku, saa na namba inayopokelewa. Mtashangaa ni vingapi vina mistari kumi ya Biblia na hakuna namba.

Mkimwombea mgonjwa, msimwambie aache dawa. Msiongee na mtoto faragha bila mzazi wake kujua. Mlevi msalimie kwa heshima, mwahidi siku nyingine, msimwongoze chochote siku hiyo. Na picha za watu wakiwa wamefumba macho, zifuteni.

Hayo yakikaa sawa, ndipo tuzungumze wakati wa Bwana. Katika Matendo 16 Paulo na wenzake walikatazwa na Roho Mtakatifu kulihubiri neno katika Asia, yaani jimbo la Kirumi lililokuwa Uturuki ya leo. Hawakukaa nyumbani, waliendelea na safari mpaka maono ya mtu wa Makedonia yakaja usiku kule Troa. Sura ya 19 inamkuta Paulo Efeso, katika Asia ile ile, akifundisha miaka miwili. Mlango uliofungwa kwake ulikuwa wa muda, naye alikuwa kazini wakati wote huo. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosubiri wakati wa Mungu kwa kusitisha huduma.

Kwa mtu mmoja mmoja, kusubiri maana yake ni kutomsukuma. Katika Matendo 24, liwali Feliki, aliyemshikilia Paulo kifungoni, alipotishika na mafundisho yake alimwambia aende, atamwita akipata nafasi, na Paulo hakulazimisha jibu. Basi mtu akisema "siku nyingine", muulize ipi, iandike, uishike. Usimtishe kwamba huenda akafa leo. Anayekubali kwa hofu hiyo hubadilika hofu ikipoa, na kesho atakukwepa. Tena, kama 1 Wakorintho 3:6 inavyosema, mmoja hupanda na mwingine hutia maji, kwa hiyo akiamua kusali kanisa lililo karibu na kwake, andikeni hivyo daftarini na mfurahi.

Jumamosi ijayo nusu ya kikundi isitoke. Wakae na majina ya zamani, waanze na yale yenye swali lililoandikwa, na wapige simu.