Mwanangu, mtihani rudia ila daftari kwanza

Marahaba mwanangu. Meseji yako nimeisoma jana usiku, umeniuliza baba LSAT, ule mtihani wa kuingia chuo cha sheria Marekani, nimepata 151, nirudie au nipeleke maombi hivyohivyo. Rudia. Wanaruhusu mara 5 ndani ya miaka 5 na mara 7 kwa jumla, we ndo kwanza umefanya mara moja, na alama zinaanzia 120 hadi 180 kwahiyo pa kupandia papo.

Ila usisome kama mwanzo, hapo ndo roho inaniuma. Kila siku jaribio jipya, leo umekosa 9 kesho 10, na yale uliyokosa hurudii, unaangalia jibu unasema aah kumbe, unasonga mbele. Hiyo aah kumbe haijakufundisha kitu mwanangu.

Mi nimekaa mahakama ya mwanzo miaka 22, na yale maswali ya hoja uliyonitumia nimeyafanya kwa kalamu nikaona ni kazi yangu ileile. Mtu anakuja, mheshimiwa huyu mbuzi ni wangu, amekatwa ncha ya sikio la kushoto na mbuzi wangu wote nimewakata hivyo. Anadai nini? Mbuzi ni wake. Sababu? Sikio. Tundu liko wapi? Hajasema kama pale kijijini hakuna mwingine anayekata sikio hilohilo. Swali linakaa hapo hapo kwenye tundu, afu majibu manne mengine yanakuvuta uanze kuwaza rangi ya mbuzi.

Sasa nunua daftari. Kila ulilokosa, kabla hujafungua jibu, lirudie bila saa uandike anadai nini, kwa sababu gani, tundu wapi, na lile ulilochagua lilikuvutia kwa lipi. Hata kama ni maswali manne tu kwa siku, sawa. Ukishazoea ndo urudi kwenye zile dakika 35 za kila sehemu, na likikushinda weka jibu lolote usiache wazi, hawakati alama kwa kukosa. Hicho kitabu cha mtumba ulichonunua, sehemu ya michezo ya mantiki iruke yote, waliitoa Agosti 2024 na siku hizi hoja ndo zimebeba mtihani, sehemu 2 za hoja na 1 ya ufahamu ndo zinazohesabiwa.

Jumapili ukitoka shifti nipigie, huku itakuwa usiku lakini ntakuwa macho. Njoo na matano uliyokosa, unisomee we, mi ntakuuliza tundu liko wapi. Mama yako anasema umekonda kwenye picha, kula.