Jaribio la fokasi likiwa kigeugeu, usiongeze sekunde za kusubiri

Jaribio la programu linalokagua fokasi, yaani dirisha au sehemu gani inayopokea maandishi ya kibodi, linapita vizuri kwenye kompyuta yako, likifika kwenye seva ya majaribio linaanguka mara moja katika mia. Wengi hukimbilia kuongeza sekunde mbili za kusubiri. Tafadhali usifanye hivyo: majaribio yote yatakuwa mazito, na siku seva ikielemewa, hata hizo mbili hazitatosha.

Fokasi haiamriwi, huombwa. Kwenye X11, mfumo wa madirisha wa Linux, amri ya XSetInputFocus hutuma ombi, na jibu hufika baadaye kama tukio (taarifa kwa programu) la FocusIn. Ukiliombea dirisha ambalo bado halijaonyeshwa, utapata kosa la BadMatch. Kwenye Windows, SetForegroundWindow ikiitwa na programu ambayo haiko mbele huweza kukataliwa kabisa.

Kwa hiyo weka msikilizaji wa tukio, yaani msimbo unaolingoja, kwanza, ndipo uombe. Hapo pana mtego unaowanasa hata wazoefu: dirisha likiwa tayari lina fokasi, tukio haliji kamwe, na jaribio linakwama hadi muda wake uishe. Kagua hali kabla ya kusubiri. Kwenye kivinjari tumia document.hasFocus(), wala usitegemee activeElement (sehemu ya ukurasa iliyochaguliwa) peke yake, kwa sababu hiyo hubadilika hata dirisha lenyewe likiwa nyuma, ilhali tukio la focus halijatokea. Wanaotumia Qt, maktaba ya kutengeneza madirisha ya programu, wana QTest::qWaitForWindowActive, inayosubiri hadi milisekunde 5000. Hurudisha kweli au si kweli. Ukilipuuza jibu hilo, jaribio litaendelea bila fokasi na kuanguka mbele, mahali pasipohusika.

Kisha tazama mazingira. Xvfb, skrini ya X11 ya kuigiza inayotumika kwenye seva zisizo na kioo, huwaka bila msimamizi wa madirisha, kwa hiyo hakuna wa kugawa fokasi kama kwenye kompyuta yako. Washa msimamizi kama openbox kabla ya majaribio. Majaribio mawili yakitumia skrini moja kwa wakati mmoja yatanyang'anyana fokasi, hata kama kila moja limeandikwa sawasawa. Lipe kila moja skrini yake kwa xvfb-run -a.

Jaribio likianguka, papo hapo andika kwenye logi (kumbukumbu ya jaribio) matokeo ya amri ya xdotool getactivewindow getwindowname. Jina la dirisha lililochukua fokasi mara nyingi humaliza msako.

Ukisharekebisha, usiridhike na marudio kumi. Kosa linalotokea mara 1 kwa 100 lina nafasi ya karibu asilimia 37 ya kujificha katika marudio 100. Rudia mara 300, seva ikiwa na kazi nyingine nzito, na nafasi hiyo hushuka hadi karibu asilimia 5.