Takwimu za biashara koleji: lielewe swali kabla ya kushika kikokotoo

Kila muhula unapokaribia kuanza napata ujumbe kutoka kwa ndugu zetu walioko hapa California, wengi wao watu wazima wenye kazi na watoto: "Dada, wameniwekea takwimu za biashara, nifanyeje?" Huwa najibu kwa moyo wote, maana somo hili nililisoma huku nafanya kazi za usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, miaka mingi baada ya kumaliza kidato cha nne Tanzania, na hofu yake naifahamu. Leo nayaandika kwa pamoja yale ambayo kwa kawaida nayasema kwenye simu.

Kwa ambao hamjafika huku: komyuniti koleji ni chuo cha umma cha miaka miwili. Unasoma kwa ada nafuu, kisha unahamia chuo kikuu kumalizia shahada. Anayesomea biashara hawezi kuikwepa takwimu. Zamani mtu mzima aliyekaa muda mrefu nje ya shule alipewa mtihani wa kumpima, na akiteleza alirudishwa kwenye hesabu za msingi, muhula huu na unaofuata, hadi wengi wakachoka na kuacha. Mwaka 2017 California ilipitisha sheria inayoitwa AB 705, inayozitaka koleji zimpe mwanafunzi nafasi kubwa iwezekanavyo ya kuingia na kumaliza, ndani ya mwaka mmoja, somo la hesabu linalotambuliwa na vyuo vikuu. Kwa hiyo mshauri akikupeleka moja kwa moja kwenye takwimu, usimwombe akurudishe nyuma. Muulize tu kama kuna darasa lililounganishwa na kipindi cha ziada cha msaada, ulichukue hilo.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni hili: hesabu zenyewe za somo hili si nzito. Ni kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya na kipeuo cha pili, na nyingi unafanyiwa na kikokotoo au Excel. Uzito uko kwenye kujua umeulizwa nini na jibu ulilopata linasema nini. Wanafunzi wanaokariri fomula huenda vizuri mpaka mtihani wa kwanza, halafu fomula zinakuwa nyingi, zinafanana, na hawajui ipi ni ya wapi.

Chukua mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika kuzunguka wastani wake, ambao utaukuta katika wiki za mwanzo na hautakuacha mpaka mwisho. Usiuachie Excel mara ya kwanza. Kaa mezani na namba tano tu. Tuseme mama mmoja anauza sambusa kwenye soko la Jumamosi, na kwa Jumamosi tano ameuza 40, 55, 60, 65 na 80. Jumla ni 300, wastani 60. Sasa toa 60 kwenye kila namba: unapata −20, −5, 0, 5 na 20. Ukizijumlisha tofauti hizo unapata sifuri, na itakuwa hivyo daima, kwa namba zozote zile. Ndiyo maana tunazipandisha kipeo cha pili kwanza: 400, 25, 0, 25, 400. Jumla 850. Gawanya kwa 4, unapata 212.5; kipeuo chake cha pili ni karibu 14.6.

Kwa nini 4 na si 5? Hapa ndipo darasa zima hunyamaza. Rudi kwenye zile tofauti tano zinazojumlika kuwa sifuri. Ukishazijua nne, ya tano haina uhuru tena, kwa sababu lazima iwe ile itakayofanya jumla iwe sifuri. Zenye uhuru ni nne, na ndizo tunazogawanyia. Ukilishika hilo sasa, neno "digrii za uhuru" litakapotokea baadaye halitakutisha. Pia utajua kwa nini Excel ina STDEV.S na STDEV.P. Ya kwanza hugawanya kwa 4, kwa sababu Jumamosi zako tano ni sampuli tu, yaani sehemu ndogo iliyochukuliwa kuwakilisha biashara yote. Ya pili hugawanya kwa 5, na kwa namba hizi ingekupa karibu 13.0. Maswali ya mtihani hupenda sana kukutega hapo.

Sasa mweke pembeni muuzaji wa pili, aliyeuza 58, 59, 60, 61 na 62. Wastani wake pia ni 60, lakini mkengeuko wake haufiki 1.6. Wote wawili wakikuuliza wanunue unga na nyama ya sambusa ngapi Jumamosi ijayo, utawapa jibu moja? Huyu wa pili anaweza kuandaa kidogo zaidi ya 60 na kulala usingizi. Yule wa kwanza siku moja atamwaga chakula na siku nyingine atawarudisha wateja mikono mitupu. Hiyo ndiyo biashara ndani ya takwimu za biashara. Ukiliona hilo, huhitaji kukariri fomula, inajikumbusha yenyewe.

Uwezekano ndiyo sura inayofuata, na watu wengi huanguka hapo. Ushauri wangu ni mmoja: chora jedwali, halafu tafuta maneno "kati ya". Duka lina wateja 200. 120 walilipa kwa kadi na 80 kwa fedha taslimu. Wateja 90 walirudi kununua tena, na 72 kati yao ni wa kadi. Ukiulizwa, kati ya waliolipa kwa kadi ni asilimia ngapi walirudi, unagawanya 72 kwa 120, asilimia 60. Ukiulizwa, kati ya waliorudi ni asilimia ngapi walilipa kwa kadi, unagawanya 72 kwa 90, asilimia 80. Ni 72 ile ile, lakini maswali ni mawili na majibu ni mawili. Kinachofuata "kati ya" ndicho kinachokaa chini, yaani ndiyo namba unayogawanyia. Kwa sisi ambao Kiingereza ni lugha ya tatu, swali kama hilo likiandikwa kwa sentensi ndefu ni rahisi kulisoma kinyume, kwa hiyo lisome taratibu na upige mstari chini ya kundi linalozungumziwa kabla hujagusa kikokotoo.

Sura ya sampuli haina hesabu nyingi, kwa hiyo watu huiruka. Usiiruke. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma kadi za maoni zipatazo milioni 10 kuuliza nani atashinda urais, likarudishiwa zaidi ya milioni 2, na likatangaza kwamba Landon atamshinda Roosevelt. Roosevelt alishinda majimbo 46 kati ya 48. Anwani nyingi zilitoka kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, na waliojisumbua kurudisha kadi hawakuwa mfano wa wapiga kura wote. Wingi wa majibu haukulisaidia jarida. Kila unapopewa data darasani, jiulize ni nani hayumo.

Sasa tunafika kwenye kupima nadharia tete, yaani kupima dai kwa kutumia data, sehemu inayowaliza watu katikati ya muhula. Nitakaa hapa kidogo.

Kampuni inasema mifuko yake ya kahawa ina wastani wa gramu 340. Unapima mifuko 36, unapata wastani wa gramu 337. Swali limekuambia mkengeuko sanifu wa mifuko yote ni gramu 9. Je, kampuni inapunja, au ni bahati tu ya mifuko uliyoichukua? Unaanza kwa kulikubali dai la kampuni kwa muda. Hilo ndilo huandikwa kwa H yenye sifuri chini yake. Kisha unauliza: kama kweli wastani ni 340, sampuli ya mifuko 36 hupotoka kiasi gani kwa kawaida? Gawanya 9 kwa kipeuo cha pili cha 36, yaani 6, unapata gramu 1.5. Wewe umepotoka gramu 3, ambazo ni mara mbili ya hapo. Jedwali au Excel itakuambia kwamba upotofu wa kiasi hicho au zaidi, upande wowote, hutokea karibu mara 4.6 katika kila sampuli 100. Hiyo ndiyo thamani ya p: 0.046.

Mwalimu akiweka mpaka wa 0.05, unalikataa dai la kampuni, kwa sababu p yako iko chini ya mpaka. Akiweka 0.01, hulikatai. Na usipolikataa, usiandike kwamba umethibitisha ni kweli. Andika kwamba ushahidi ulio nao hautoshi kulikataa. Tena usiseme kuna uwezekano wa asilimia 4.6 kwamba kampuni inasema kweli. Thamani ya p ilipatikana kwa kuchukulia kwamba kampuni inasema kweli, kwa hiyo haiwezi tena kupima ukweli huo. Hapo alama nyingi hupotea, na waliozipoteza walikuwa wamepata hesabu yote sawasawa.

Kilichonisaidia ni kuandika hitimisho la kila zoezi kwa sentensi moja ambayo mwenye duka angeielewa, bila herufi za Kigiriki ndani yake. "Mifuko hii kwa wastani ina kahawa pungufu kuliko inavyoandikwa." Kama sentensi haiji, sijaelewa, nirudi mwanzo. Na nilikuwa na mwenzangu, dada mmoja wa Bukavu, tukikaa maktabani kabla ya zamu zetu za kazi na kuelezana kila hatua kwa Kiswahili, chake na changu. Kitu ambacho ukikisoma kwa Kiingereza unahisi umekielewa, ukitakiwa kumweleza mtu kwa lugha uliyokulia unagundua pale pale penye pengo. Kama una mtu wa namna hiyo darasani, mshike.

Ukiwa hapo utakutana na jedwali la t, linalotumika zaidi sampuli inapokuwa ndogo, na jina "Student" linaloambatana nalo litakushangaza. Anayeitwa hivyo ni William Gosset, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha bia cha Guinness, Dublin. Alikuwa na tatizo la kawaida kabisa la kiwandani: vipimo vichache, na uamuzi lazima ufanyike. Mwaka 1908 alichapisha njia yake kwa jina hilo la kubuni, kwa sababu kampuni haikutaka wafanyakazi wachapishe kwa majina yao. Mimi napenda kuwasimulia wenzangu habari hii. Jedwali lile lilitoka kazini, kwa mtu aliyekuwa na sampuli ndogo kama zile ambazo mwenye biashara ndogo huwa nazo.

Rigresheni, yaani kutafuta mstari unaoonyesha kitu kimoja kinavyobadilika kingine kinapobadilika, huja mwishoni, wakati kila mtu amechoka. Jua maana ya mteremko kwa maneno (matangazo yakiongezeka kwa dola moja, mauzo hutarajiwa kuongezeka kwa kiasi gani), na usitabiri mbali na data uliyonayo. Hayo mawili yatakufikisha.

Sasa mambo ya nje ya daftari, ambayo wakati mwingine ndiyo humwangusha mtu. Kabla ya kujiandikisha, ingia kwenye tovuti ya ASSIST, inayoonyesha masomo ya koleji za California yanavyokubaliwa na vyuo vikuu vya umma vya jimbo. Angalia chuo unachokilenga kinataka takwimu za kawaida au za biashara. Usiamini maneno ya mtu, hata yangu.

Kitabu kisikumalizie pesa ya kodi ya nyumba. OpenStax, mradi wa Chuo Kikuu cha Rice, Texas, hutoa vitabu vya takwimu bure mtandaoni, na cha takwimu za biashara kimo. Koleji za hapa zinatakiwa na sheria kuonyesha kwenye ratiba madarasa ambayo vifaa vyake vya kidijitali ni bure, kwa hiyo tafuta alama hiyo unapochagua. Kikokotoo cha TI-84 ni ghali. Ulizia maktabani kwanza, koleji nyingi huazimisha.

Usilichukue somo hili kiangazi kama unafanya kazi muda wote. Muhula mzima unabanwa kuwa wiki sita au nane, na kila siku unayokosa ni sura nzima. Na kwa aliyekaa miaka mingi bila hesabu, mimi namshauri darasa la ana kwa ana, si la mtandaoni, hata kama safari ya basi ni ndefu. Unahitaji kuona mkono wa mwalimu unavyoandika hatua moja baada ya nyingine, na kumsimamisha.

Saa za ofisi za mwalimu ni haki yako. Tumelelewa kumwogopa mwalimu na kutomsumbua. Huku asiyekwenda huonekana hana shida. Nenda na swali moja mahususi, na karatasi inayoonyesha umefika wapi. Kituo cha usaidizi wa masomo nacho ni bure, lakini wiki ya mtihani kinajaa, kwa hiyo anza kwenda wiki ya pili, kabla hujakwama.

Mwisho, andika kwenye kalenda ya simu yako tarehe ya mwisho ya kujiondoa darasani kwa alama ya W. Alama hiyo haishushi wastani wa alama zako kama F inavyofanya, ingawa huhesabiwa wanapoangalia maendeleo yako kwa ajili ya msaada wa fedha. Wiki moja kabla ya tarehe hiyo, mwombe mwalimu akuonyeshe alama zako na akwambie unahitaji kupata ngapi kwenye mitihani iliyobaki ili ufaulu. Ukiwa na namba hiyo mkononi ndipo uamue kubaki au kujiondoa.